Yule Mama wa Mbuzi Alienda Wapi?

Nilitaka jambo dogo tu. Nilitaka mtoto wa kaka yangu aondoke nyumbani kwetu akicheka. Kaka alikuwa amepiga simu kusema kwamba Jumatatu atakuja kumchukua binti yake, ampeleke kwake Nangwa akaanze shule huko, kwa sababu sasa ameoa, ana nyumba, na kitanda cha mtoto amekitengeneza mwenyewe. Habari njema kabisa. Shida ni kwamba huyo mtoto aliletwa kwetu Bashay akiwa bado anatambaa. Amekulia mgongoni mwa mama yangu, na alipokuwa mzito akahamia ubavuni mwake kitandani. Baba kwake ni sauti ya kwenye simu inayouliza, "Unakula vizuri?"

Mama aliposikia alisema, "Sawa." Basi. Akaendelea kumenya maganda ya juu ya vitunguu saumu. Mimi namjua mama yangu. Akikubali jambo huwa analalamika mpaka jioni. Akisema "sawa" moja na kunyamaza, kaa mbali.

Mtoto naye alisema hapana, akaenda kujificha kwenye banda la mbuzi. Nilimtoa akiwa na majani kwenye nywele na pua imejaa kamasi, nikamuogesha na maji ya moto huku analia na mimi nalia, kwa sababu mimi machozi yangu hayana breki.

Ndipo nikapata wazo. Niseme kwamba mimi ni mtu wa mawazo. Kidato cha nne kilinipa matokeo ambayo mpaka leo hakuna mtu anayeyaulizia kwa sauti, lakini nina ndoto yangu: siku moja nitaingiza sauti kwenye filamu za katuni, za Kiswahili, watoto wa nchi nzima wanisikie. Nafanya mazoezi na mbuzi. Kila mmoja nimempa sauti yake. Beberu anaongea kama mwenyekiti wa kijiji.

Kijana anayechaji simu pale senta, ambaye pia hujaza filamu kwenye flash, nilimwambia nataka katuni ya mtoto anayekwenda kwa baba yake.

"Ninayo," akasema. "Ya familia, haina mambo ya aibu. Hadithi za Wagiriki wa zamani, ila wamezichanganya kama makande."

"Inaisha vizuri?"

"Dada, inaisha na sherehe."

Nikaona Mungu amenisikia.

Jumapili baada ya kanisa nikatoa kitambaa cha kudarizi ambacho mama huifunika nacho televisheni ya sola, nikachomeka flash. Mtoto akakaa kwenye mkeka. Mama akakaa kwenye kigoda chake na ungo wa vitunguu saumu mapajani, kwa sababu mama kukaa bure hawezi. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kinatosha kuombea maji, lakini picha zilikuwa zinajieleza. Nikasema mimi ndiye nitakuwa sauti zote. Roho yangu ilikuwa juu, jamani! Nilikuwa nimekunywa na maji ya tangawizi.

Ikaanza. Kuna mlima mrefu umefunikwa na mawingu, na huko juu kuna ukoo wa miungu. Mama yangu ni mtu wa kikundi cha akina mama wa kanisa, nikajua nikitaja miungu hatutafika popote. Nikasema, "Huyu ni mfalme anayekaa mlimani. Kazi yake ni radi."

"Kama baba," mtoto akasema. Maana asubuhi pasipokuwa na ukungu, ukipanda juu ya shamba letu, mlima Hanang unauona kule mbali, na tulishamwambia baba yake anakaa chini yake. "Baba naye ana radi?"

"Baba yako anachomelea mageti."

"Inatoa cheche?"

"Inatoa sana."

Akaridhika. Nikajipongeza moyoni. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Binti wa mfalme, bado kichanga, akadondoka kutoka kwenye mawingu, akaangukia kwenye boma la bibi mmoja mfuga mbuzi. Bibi yule akamwokota, akampa maziwa, akamfunika na ngozi. Nilimpa sauti ya kukwaruza kidogo, yenye huruma, na mama akaitikia kwa kichwa akasema, "Huyo ni mtu." Binti akakua, akawa na nguvu za ajabu, akishika mtungi unapasuka, akisukuma mlango unaanguka. Bibi anacheka tu, anaokota vigae. Kisha siku moja akatokea mjumbe wa mfalme, kijana mwenye viatu vya mabawa, akasimama hewani juu ya boma, akaanza kuhutubia.

"Ashuke," mama akasema.

"Mama, ni mjumbe. Yeye anaruka."

"Namwona anaruka. Ashuke aamkie. Huyo bibi ni mkubwa wake."

"Ndiyo mila yao, mama."

"Hakuna mila ya namna hiyo. Unafika kwa mtu, unamsemesha kutoka juu kama kunguru? Hajaamkia, hajakaa, hajaonja hata maziwa, tayari anataka mtoto?"

Kwenye filamu, wakati tunabishana, binti alishapanda punda mwenye mabawa na wameshaondoka. Yule bibi akasimama mlangoni, mkono juu ya macho, akiwaangalia mpaka wakawa nukta. Halafu picha ikabadilika. Na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

"Na yule mama?" mama akauliza.

"Amebaki."

"Na nani?"

"Na mbuzi wake. Mama, angalia, wanavuka bahari!"

Akaja nyoka mwenye vichwa vingi. Kijana wa senta alishanidokeza, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kwa huyo nyoka tangu asubuhi, kila kichwa na sauti yake. Nimefika kichwa cha pili mama akauliza, "Atarudi kumwona?"

"Nani?"

"Yule mama wa mbuzi."

"Mama! Kuna nyoka hapa!"

"Nyoka nimemwona. Yule mama nani anamchotea maji?"

Akaja mtu mwenye kichwa cha fahali, amefungiwa kwenye nyumba ya vichochoro vingi. Watu wote duniani, nadhani, hapo hushangilia binti akipambana. Mama yangu aliweka ungo chini. "Wamemfungia ng'ombe ndani bila majani," akasema, "halafu wanashangaa ana hasira." Binti alipomwangusha fahali na kuruka na punda wake, mtoto wetu akaanza kumlilia fahali. Nikasimamisha filamu, nikamfuta machozi, nikamweleza kwamba fahali amelala tu, baadaye atapelekwa malishoni. Hilo sikuliona popote kwenye picha.

Ile kusimamisha ndiyo ilikuwa kosa, maana mzee jirani alisikia kimya akajua tuna nafasi, akaingia. Tukasimama wote. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za mifugo, za mahindi, za mguu wake. Mama akamletea kikombe cha maziwa ya mgando. Akanywa taratibu, anaangalia yule punda aliyeganda hewani na mabawa yake.

"Huyo punda anabeba madumu mangapi?" akauliza.

Ikabidi nimsimulie tangu mwanzo: mlima, radi, mtoto kudondoka, bibi wa mbuzi, mjumbe, punda. Alinisikiliza kwa heshima zote. Nilipomaliza akaweka kikombe chini akasema, "Sasa huyo bibi aliyelea, yeye amepewa nini?"

Mama akanigeukia kwa macho ya mtu aliyepata shahidi mahakamani.

Nilitamani kuchomoa waya wa sola.

Basi, tukafika mlimani. Sherehe kweli ilikuwepo. Mfalme wa radi akamkumbatia binti yake, wafalme wadogo wakapiga makofi, zabibu zikamwagika, punda akavalishwa maua. Nilipaza sauti ya mfalme mpaka koo likauma: "Karibu nyumbani, mwanangu!" Nikageuka kumwangalia mtoto wetu, nione ule uso wa furaha niliouhangaikia.

Midomo ilikuwa inatetemeka. "Shangazi, bibi yake yuko wapi?"

Chumba chote kikaniangalia. Mzee jirani akaniangalia. Mama hakuniangalia. Aliangalia vitunguu, vidole vimesimama, na ndipo nikaelewa kwamba muda wote ule hakuwa anaulizia bibi wa kwenye televisheni.

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Nyuma kabisa ya ile sherehe, kwenye umati, kulikuwa na kichwa kimoja chenye kitambaa cheupe. Sijui alikuwa nani, labda mpishi. Nikaruka na kidole. "Yule pale! Humwoni? Yule mwenye kitambaa!"

"Alifikaje?" mtoto akauliza.

"Punda alirudi akamchukua."

"Hatukuona," mama akasema.

"Hawawezi kuonyesha kila kitu, mama."

"Na mbuzi aliwaacha na nani?"

"Kuna msichana jirani."

"Mwaminifu?"

"Sana."

Mama akakung'uta maganda kwenye gauni lake, akainuka. "Hapo sasa," akasema, akaenda kukamua. Mtoto akamfuata nyuma akirukaruka, mikono ameitandaza kama mabawa.

Nilidhani nimemaliza.

Jumatatu kaka alifika na gari la rafiki yake linalokusanya vitunguu saumu. Dereva hakuzima hata injini. Kaka akaingia, simu sikioni, akasema kwa pumzi moja, "Shikamoo mama, mtoto yuko tayari? Tuna haraka, kuna mzigo unasubiri."

Mama hakutokea. Alikuwa chumbani. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mtoto, amesimama katikati ya mlango na sweta lake jekundu.

"Baba, shikamoo. Kaa kwanza."

Kaka akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Mwanangu, gari linanguruma."

"Hujakaa, hujaonja maziwa," mtoto akasema. "Unaongea kama kunguru."

Kaka ni fundi, mkono wake una makovu ya moto, lakini alikaa. Alikaa kwenye kigoda cha mama, magoti yamefika kidevuni, akapewa kikombe na mtoto wake mwenyewe kwa mikono miwili. Akazima simu. Alipomaliza kunywa nilimwona akimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza, masikio, meno yaliyong'oka, vyote. "Umekuwa mkubwa," akasema taratibu. Nikaanza kulia, bila shaka.

Dereva akapiga honi.

"Haya, twende," kaka akasema.

"Bibi naye anapanda," mtoto akasema.

"Anapanda nini?"

"Punda. Ila kama hakuna, hata gari."

"Punda gani? Wewe," kaka akanigeukia, "umemwambia nini huyu mtoto?"

Kabla sijajitetea mlango wa chumbani ukafunguka. Mama alikuwa amevaa kitenge cha Krismasi na shuka juu, kibuyu cha maziwa begani, jogoo kwapani amefungwa miguu. Mtu aliyevaa hivyo hakuamua asubuhi hiyo.

"Nataka kuona atakapolala," akasema.

"Mama, nyumba ni ndogo."

"Mimi ni mkubwa?"

"Sina maana hiyo. Ungeniambia, ningejiandaa..."

"Wewe uliniambia, au ulinitangazia?"

Kaka akavua kofia. Kisha akachukua kile kibuyu begani kwa mama, akakibeba yeye, na sauti yake ikawa nyingine kabisa. "Karibu, mama. Twende ukaone."

Mimi peke yangu ndiye niliyebaki na akili ya kuuliza. "Na mbuzi? Na ng'ombe? Na vitunguu viko stoo havijafungwa! Mama, mimi Jumatano nina safari ya mjini, kuna watu wanajaribisha sauti za katuni, nilikuambia!"

Mama alikuwa ameshapanda kiti cha mbele, jogoo mapajani. Ni mtoto aliyechungulia dirishani, anacheka meno yote nje, kama nilivyotaka tangu mwanzo, akanijibu kwa upole kama mtu anayemkumbusha mwenzake somo:

"Shangazi, si kuna msichana jirani? Ndiyo wewe."

Kaka akapanda nyuma juu ya magunia, anashikilia kofia. Wakaondoka. Nilisimama mlangoni, mkono juu ya macho, mpaka gari likawa nukta. Nilipogundua jinsi nilivyosimama, nilikasirika mpaka nikacheka.

Jumatano ya watu ilipita huko mjini, yangu ilipita kwenye banda la mbuzi. Niseme ukweli, filamu ile ingekuwa ndefu sana kama wangeonyesha kazi za yule msichana jirani. Kukamua, kuchota maji, kumtoa beberu kwenye mahindi ya mzee, kumwomba mzee radhi, kusikiliza habari za mguu wake.

Siku ile ile jioni mama alipiga simu. Nyuma yake nilisikia mtoto anaimba na mwanamke mwingine anacheka.

"Jana alilala kwenye kitanda chake," mama akasema. "Usiku wa kwanza nililala naye. Jana nilikaa tu pembeni, akalala. Hakulia."

"Na wewe?"

"Mke wa kaka yako anaamkia vizuri. Makande hajui, nimemfundisha. Amesema likizo mtoto atakuja kwetu, na amesema mwenyewe, sikumwomba. Jumamosi narudi."

Nikashusha pumzi. Nikataka kumwambia kuhusu sauti na mjini na ndoto, lakini alikuwa anavuta kamasi kule, na mimi nimeshasema machozi yangu hayana breki, tungemaliza salio bure.

"Mbuzi wamekula?" akauliza.

Nikageuka kuangalia stoo, mlango uko wazi, maganda ya vitunguu saumu yametapakaa uani, na beberu amesimama katikati anatafuna, ananiangalia kama mwenyekiti wa kijiji.

"Wamekula, mama," nikasema. "Wamekula vizuri sana."