Mashine ya Marehemu wa Mwabungo

Kaka yangu alikuwa na kinu cha kukamua mafuta ya nazi pale Msambweni, banda la mabati, injini moja ya dizeli na mashine moja. Mashine ilipovunjika shingo isitengenezeke tena, katika miaka ile ya hamsini, yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Daktari alikuwa amemwambia ukweli kuhusu kifua chake, naye akaniambia mimi, akanikataza kumwambia mkewe.

Kwa hiyo tulipokuwa tukichagua mashine, hatukuwa tukichagua chuma peke yake. Alikuwa na binti watatu wadogo. Alitaka kuwaachia kinu kinachokamua, na mtu anayejua kukiendesha. Mtu huyo nilikuwa mimi, nami nilikuwa sijui lolote ila kupima mbata, ile nazi kavu ya kukamuliwa, na kuandika majina ya walioileta.

Wakala mmoja wa Mombasa alitupa kitabu chenye picha za mashine mpya. Nilikisoma kwa shida, kwa elimu yangu ya darasa la nne. Fedha zilikuwapo, tulikuwa tumeuza shamba la mama. Lakini mashine mpya ilikuwa ije kwa meli, na wakala hakuficha: miezi minane, kama mambo yakienda sawa. Mashine kuukuu ilikuwako moja, Mwabungo. Mwenyewe alikuwa amefariki, na wanawe walitaka kuiuza wagawane mirathi.

Mimi nilitaka mpya. Nilimwambia kaka hivyo, akanijibu twende kwanza tukaione hiyo ya Mwabungo.

Tulifika asubuhi, na hapo ndipo tulipokosea, ingawa sijui mtu wa kwetu angefanyaje vingine. Arobaini ya marehemu ilikuwa haijapita. Hatungeweza kuipita nyumba ya msiba tukaenda moja kwa moja bandani kukagua vyuma. Tukaketi jamvini, tukatoa pole, tukamsomea marehemu Fatiha. Wakatuletea wali na mchuzi wa samaki, tukala. Mwanawe mkubwa akatusimulia jinsi babake alivyokuwa akiitia mashine ile grisi kwa mkono wake mpaka wiki aliyolala kitandani. Alilia kidogo aliposema hivyo. Tuliingia nyumba ile tukiwa wanunuzi, tukainuka jamvini tukiwa waombolezaji.

Bandani alikuwako mzee mmoja, nduguye marehemu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akapiga ubavu wa mashine kwa kofi. "Hii na mke wangu wa kwanza wamekuja mwaka mmoja," akasema. "Wote wawili wapiga kelele, na wote wawili sijaona wa kuwashinda kwa kazi."

Watu wakacheka. Injini ikawashwa, mbata ikatiwa, mafuta yakatoka, safi kabisa. Kila mtu aliinama kuyatazama mafuta. Mimi nilizunguka upande wa pili, yanakotoka mashudu, yale makapi yanayobaki. Nikachukua konzi moja ya moto nikaifinya. Mashudu ya mashine nzima huvunjika mkononi kama mkate mkavu. Haya yalishikana kama ugali, na kiganja changu kikang'aa mafuta. Parafujo ya ndani, ile inayoisukuma na kuikamua mbata, ilikuwa imelika. Mashine ilikuwa ikiacha mafuta mengi katika makapi.

Nikapangusa mkono kwenye kikoi changu.

Kaka akaniuliza mbele yao wote, "Waonaje, mdogo wangu?"

Nikamtazama yule mwana wa marehemu. Macho yake yalikuwa bado mekundu. Kusema mashine ile mbovu kungekuwa kama kumtia kasoro baba yake, ambaye dakika chache nyuma tulikuwa tumemwombea.

"Yafaa," nikasema.

Nimesema uongo mara chache maishani, na huo ndio ninaoujutia kuliko wote.

Tulipokuwa barabarani tukingoja lori, kaka alikaa juu ya jiwe apumzike. Kisha akaniambia, "Nimekuona ulivyopangusa mkono."

"Mbona basi hukusema kitu?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Nilimwambia turudi kesho, twende bandani moja kwa moja, tuseme kweli. Akatikisa kichwa. "Neno limeshatoka. Tena sikiliza. Mpya ikija, mimi sipo. Nani atakufunza? Afadhali kuukuu, nami nipo."

Lori likaja, nikamshika mkono akapanda. 

Mashine ilikuja wiki ile ile. Aliketi juu ya gunia akinielekeza, mimi nikifungua na kufunga. Parafujo tuliipeleka Mombasa ikajazwa chuma kwa kuchomelewa. Ikawa afadhali, haikuwa nzuri. Wafugaji wa Bongwe walianza kugombea mashudu yetu. Mmoja alituambia waziwazi, "Endeleeni hivyo hivyo, ng'ombe wetu wananenepa kwa hasara yenu." Kaka alikuwa akiinuka pale guniani kila mara nilipokosea, akishika spana mwenyewe, na kila akiinuka alirudi akihema.

Alifariki mwezi wa tano tangu mashine ije. Kwa hiyo alisema kweli, mpya asingeiona. Lakini kama chuma kile kizito ndicho kilichompunguzia siku, sijui. Sitaki kusema nisilolijua.

Shemeji yangu alipotoka eda alikuja bandani, mara ya kwanza tangu msiba. Alisimama akaitazama mashine ikifanya kazi. Kisha akaniomba niizime.

"Shemeji, hii ilikuwa nzima mlipoinunua?"

Nikamwambia yote, jamvi, wali, mkono wangu, neno langu. Kwanza aliuliza jambo moja.

"Yeye alijua?"

"Alijua."

 Nilidhani atalia, au atanilaani. Akauliza kama zile fedha za shamba zilizobaki zingali ziko. Nikasema ziko, hatukuzigusa. Akauliza mpya huchukua muda gani kufika.

"Miezi minane."

"Andika barua."

Nikamwambia sijui kuiendesha ile mpya, hakuna wa kunionyesha.

"Na hii ulikuwa huijui," akasema.

Niliandika usiku ule, nikairudia barua mara tatu ili isiwe na makosa. Miezi minane haikuwa mingi tena, maana hapakuwa na kaka wa kumuwahi akiwa hai. Asubuhi niliiwasha ile kuukuu, kwa sababu watu walikuwa wameshaleta mbata yao, nao walikuwa nje wakingoja.