Siku Tulipohamisha Njia za Nguruwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miguu yangu ilipokuwa bado inanikubalia kukimbia, kundi letu la kuwinda nguruwe pori lilipohamia kwenye app mpya. Ile ya zamani ilikuwa imeanza kugoma. Ukiigusa inakuonyesha weupe mtupu, kama shuka za hospitali ya Mulago. Nililazwa kule, nazijua. Lakini hayo tuyaache.

Tulikuwa watu wa Nakawa, wa gereji na wa sokoni. Jumamosi tulitoka nje ya mji na mbwa na nyavu, kwenye mashamba ya waliotuita. Kiongozi wetu alikuwa Salongo, mzee aliyeitwa hivyo kwa kuzaa mapacha. Yeye ndiye aliyetaka kila mtu aweke kwenye app njia za nguruwe anazozijua, ili mmoja akiugua, mwingine asimame mahali pake na wavu. Kazi ya kuhamisha ramani akapewa Akinyi, binti anayetengeneza simu pale sokoni, mwanamke wa kwanza kushika wavu kwetu. Wengine walikuwa bado wanamtazama kwa jicho la pembeni. Mimi simu yangu ni ya tochi, sikuwa na cha kuhamisha.

Jumamosi hiyo alituita Jaja Nakato, bibi wa watu aliyebaki na kishamba cha muhogo. Alituambia wazi kwamba nguruwe wakiula tena, atatega sumu. Na sumu, mwanangu, haichagui. Pale kuna wajukuu wanaookota kila kitu.

Salongo akatubadilisha ili kuijaribu ramani, kila mtu asimame kwenye alama ya mwenzake. Mimi na Mukasa, fundi wa breki, tukafuata ya Hajji Musa. Hajji hali nguruwe, hata harufu yake haitaki, lakini mahindi yake yako jirani, kwa hiyo huwawinda kwa hasira. Simu ya Mukasa ikatuongoza vizuri kabisa hadi ndani ya shimo la matofali, maji kiunoni. Hajji naye, kwa alama ya Mukasa, akajikuta nyuma ya choo cha Jaja. Nguruwe wakapita katikati yetu bila haraka, kama watu wanaotoka kanisani.

Tuliporudi, wote wakamgeukia Akinyi. Mukasa akasema binti ameharibu ramani, afadhali arudi kwenye kibanda chake.

"Ssebo," Akinyi akamwambia kwa heshima, kama mtu anayesema bwana, "mimi nimehamisha mlichonipa."

Salongo akamwambia Mukasa, "Haya, nipeleke unaposimama wewe siku zote."

Mukasa akapiga hatua mbili kuelekea bondeni, mbali na choo, kisha akasimama. Hajji ndiye aliyeanza kucheka. Akasema alama yake aliiweka kwenye lile shimo makusudi, mtu asimchukulie nafasi yake. Kumbe wote! Kila mmoja alikuwa ameisogeza alama yake, huyu majini, yule chooni. Mimi sikuficha kwa kuwa sikuwa na simu ya kufichia. Ningekuwa nayo, sijui.

"Nguruwe anaijua njia yake," Salongo akasema. "Jaja anaijua, ameolewa hapa. Sasa ninyi mlikuwa mnamficha nani?"

Tulicheka hadi mbwa wakabweka. Kisha tukazunguka shamba lote na Akinyi, kila mtu akionyesha mahali pake pa kweli, naye akirekebisha. Mukasa alitangulia, akimshikia matawi ya miiba. Alasiri mbwa wakawarudisha nguruwe kutoka bondeni, na dume kubwa likaingia kwenye wavu wa Akinyi. Jaja alipiga vigelegele, akatuchemshia muhogo, na sumu akampa Salongo aondoke nayo.

Basi, mwanangu, ukiingia kwenye kazi ya pamoja, toa unachokijua kama kilivyo. Usimpe mwenzako njia ya uongo halafu ukamlaumu aliyeiandika. Ukikificha unachokijua, siku ukilala kitandani hakimsaidii mtu. Na ukigundulika, cheka mapema, kisha inuka ukarekebishe kwa miguu yako.

Mungu akupe wenzako wasiokuficha pa kukanyaga, akupe mbwa wasiochoka, na kila uendako mvua ikukute umeshafika.