Nukta Nyuma ya Ukurasa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa vitu vitatu: kitambaa kikavu, brashi laini na raba nyeupe ya kufutia penseli. Aliyenikabidhi alikuwa Msimamizi wa Ghala, Mhindi mfupi kutoka Kerala, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ghala lilikuwa Al Quoz, chumba kirefu kisicho na dirisha, kimejaa maboksi ya vitabu ambavyo watu wanaohama Dubai huviacha nyuma. Nilikuwa nimetoka Machakos na cheti cha ukarani, nikidhani kazi ya vitabu vilivyotumika ni kuvipanga tu. Nikaanza kupanga. Akanitazama, akatikisa kichwa.

"Sista, hapana. Kitabu kwanza kinaoga."

Akanionyesha. Unakishika kwa mgongo, pale kurasa zinapoungana, unakiinamisha, unakikung'uta ili vilivyofichwa vianguke: tiketi za ndege, picha za watoto, mara nyingi mchanga. Unapangusa vumbi kwa brashi. Unatafuta madoa ya uzee, yale ya kahawia yanayoletwa na unyevu. Kisha unafuta kila alama ya penseli, kwa kuwa kitabu safi hupewa daraja la kwanza, na kilichoandikwaandikwa hushuka hadi la tatu.

"Na ukifuta, usisome," alisema. "Maandishi ya mtu si barua yako. Fungua, kung'uta, futa, khalas. Yalla, boksi lingine."

Alinifundisha pia kuwatambua wajanja waliofuta kabla yetu. Aliizima taa, akailaza tochi juu ya ukurasa, mwanga ukapita ubavuni, na pale palipoonekana peupe pakatokea vivuli vya herufi. Penseli hufutika, akaniambia, lakini mkono uliokandamiza huacha mfereji kwenye karatasi.

Kwa miaka tisa nilimtii, na simlaumu kwa lolote. Kila Alhamisi alinigawia wali wake wa samaki. Siku nilipochanganya maboksi ya wateja wawili, alisimama mbele ya arbab, tajiri wetu, akasema kosa ni lake.

Katika maboksi hayo ndimo nilimokutana na vita vya Afghanistan. Vitabu vyake vilikuja kwa wingi kuliko vya mapishi, maana wengi waliopigana kule, au waliojenga, au waliopeleka chakula na mafuta, walipitia huku. Nilijifunza kuvitenga kabla ya kusoma jalada. Riwaya zilipenda theluji, milima na mwanamke anayesubiri dirishani. Kumbukumbu za askari zilipenda vifupisho, na mwishoni ziliwekewa orodha ya kuvieleza. Palikuwa na za marubani, za madaktari, za wategua mabomu, hata za mtu aliyerusha ndege za vita akiwa ameketi kwenye kiti, nchi nyingine kabisa, kisha jioni akaenda kumchukua mwanawe shuleni. Hicho nilikisoma mara mbili. Nilitaka kujua alimwambia nini mtoto njiani. Hakusema.

Nilikuwa nikikaa Al Baraha, juu ya tanuri la mkate la Mwafghani mmoja. Siku nilipomwambia ninauza vitabu vya vita vya kwao, alicheka hadi akashika meza.

"Bado hawajamaliza kuandika?"

"Kila wiki maboksi mapya, baba."

"Na mkate? Kuna yeyote aliyeandika mkate uliokwa na nani?"

Nilirudi ghalani nikatafuta. Nilikuta mkate mwingi umeliwa, lakini mwokaji sikumwona.

Ghala lilipofungwa nilihamishiwa dukani, Jumeirah Village Circle, chini ya Madam, mwenye duka. Alizaliwa hapahapa, lakini mama yake alitoka Unguja. Wateja aliwasemesha Kiarabu na Kiingereza, mimi akanisemesha Kiunguja.

"Nduku, vitabu vya vita wavijua?"

"Nimeviosha miaka tisa, Madam."

"Haya, rafu ile yako. Tena usinitilie riwaya upande wa kumbukumbu. Wanajeshi hugomba."

Mwaka wangu wa tatu pale lilikuja boksi kutoka chumba cha pamoja cha walinzi wa majengo. Ndani mlikuwa na kumbukumbu za ofisa wa kigeni aliyekuwa mkuu wa kambi moja Afghanistan. Jalada lilikuwa na helikopta, na kona moja ilikuwa imeungua kwa pasi. Sura ya saba ilijaa penseli pembeni, juu na chini, miandiko tofauti. Nikafuta. Kwa pembe ya jicho niliona neno "sisi", nikajua ni Kiswahili, na bado nikaendelea kufuta. Niliona fahari, nimetii hata pale palipokuwa na kishawishi. Nikakitia muhuri wa daraja la kwanza.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya Jumatatu, aliingia mlinzi mwenye sare, mrefu, anayetembea kama aliyezoea gwaride. Aliipita rafu ya riwaya bila kuitazama.

"Habari, dada. Natafuta kitabu changu. Kina helikopta, na kona nilichoma na pasi."

Nilifurahi kumtolea. Alikipokea kwa mikono miwili, akafungua sura ya saba, akafunua ukurasa, akaurudisha, akaufunua tena.

"Dada, hapa kulikuwa na maandishi."

"Yalikuwapo. Niliyafuta. Ndiyo kazi yangu."

"Uliyasoma?"

"Hapana."

Hakupandisha sauti. "Ungeyasoma tu, dada. Yalikuwa ya Kiswahili."

Jina lake Mugisha, Mganda, askari wa zamani. Alipotoka jeshini alichukua mkataba wa kulinda lango la kambi ile. Asubuhi moja lori lililojaa baruti lilifika langoni, na mkuu wa kambi aliyaandika hayo katika kurasa mbili. Alieleza redio ilisema nini, helikopta zilitokea wapi, yeye mwenyewe alikuwa amesimama wapi. Kuhusu lango aliandika kwamba walinzi wa Kiafrika hawakuliachia. Basi. Hakutaja jina hata moja.

Walinzi walikuwa wanne. Mmoja, Byaruhanga, alikufa pale kwenye kizuizi. Kitabu kilipotoka, watatu waliobaki walikinunua, wakapeana mkono kwa mkono, kila mmoja akaandika pembeni alichokiona kutoka alipokuwa amesimama. Waliandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha waliyopewa jeshini kwao pamoja na buti. Aliyekuwa karibu zaidi na Byaruhanga ni Sajenti wao, naye aliandika neno la mwisho la marehemu. Baadaye Sajenti alirudi kwao, akaugua, akafa.

"Mimi nilisoma yangu na ya mwenzangu," alisema Mugisha. "Kufika kwa Sajenti nikafunga kitabu. Sikuweza. Nikasema nitasoma siku nikimpelekea mama wa Byaruhanga. Sasa mkataba wangu wa hapa Dubai umeisha, Ijumaa narudi nyumbani. Nimeshampigia mama simu. Nimemwambia naleta neno la mtoto wake."

Mugisha alikuwa amelazwa hospitali kwa mwezi mzima, na mwenzake wa chumbani, akidhani anasaidia, akasafisha kitanda chake na kugawa boksi lake la vitabu.

Madam alikuwa kaunta, amesikia yote. Nilijiandaa kuambiwa nikachukue mkoba wangu.

"Kanuni ni ya duka, Nduku, kosa si lako peke yako," alisema. "Mchukue mgeni mwende stoo. Kaunta nitakaa mimi."

Stoo haikuwa na dirisha. Nilizima taa, nikailaza tochi ya simu juu ya ukurasa, nikamshukuru kimoyomoyo yule mzee wa Kerala. Vivuli vikaanza kujitokeza. Mugisha alipiga magoti kando ya meza, nami nikasoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Kwanza yakaja yake: majina manne, nani kushoto, nani juu kwenye mnara. Kisha ya mwenzake, kuhusu rangi ya lori. Sajenti alikuwa ameandika chini kabisa, mwandiko mdogo.

"Mimi nilikuwa karibu naye," nikasoma. Mstari uliofuata ulikuwa ukungu mtupu. Nikauruka. "Neno la mwisho..." Hapo nilikuwa nimesugua kwa bidii, karatasi imeota manyoya. "Na-ku. Halafu herufi moja siioni. Halafu a."

Mugisha aliinama karibu na ukurasa.

"Nakufa," alisema Mugisha.

Aliketi juu ya boksi. "Basi, dada. Mama yake siwezi kumpelekea hilo. Nitamwambia maandishi yalipotea."

Raba yangu ndiyo iliyomfikisha hapo. Nilirudi kutazama mstari wa Sajenti ili tu nisimtazame yeye, na hapo nikaona jinsi mtu yule alivyoandika: herufi zake zilikuwa nyepesi, lakini nukta alizikandamiza kama anayepigilia msumari. Niligeuza ukurasa. Nikapitisha kidole upande wa nyuma, polepole, kama anayetafuta mwiba. Nyuma ya "mimi" palikuwa na vipele viwili. Nyuma ya "nilikuwa", viwili tena. Nikafika nyuma ya lile neno.

"Afande, lete kidole chako."

Nilikishika, nikakiweka mahali penyewe.

"Umesikia kitu?"

"Kama chembe ya mchanga."

"Hiyo ni nukta. Herufi f haina nukta."

Midomo yake ilicheza kabla sauti haijatoka. "Nakuja," akasema. "Alisema nakuja!"

Madam alikuwa amefika mlangoni. "Nakuja? Naye si ndo alokuwa atoka?"

"Kwetu bara, Madam, mtu akitoka kidogo husema nakuja. Maana yake msifunge mlango."

Tulipokuwa na neno hilo, tukaurudia mstari wa ukungu. Tukausogezea tochi huku na huku, Mugisha akikisia, nami nikihakikisha kwa kidole, hadi ukakubali: Chai yangu musiguse.

Mugisha aliangua kicheko, akacheka hadi machozi yakamfika kidevuni. "Huyo ndiye! Sukari vijiko vitano, na ole wako uonje! Sajenti mwenyewe alikuwa anamwogopa kwa mambo ya chai!"

Madam alileta penseli kutoka kaunta. Mugisha aliandika upya yote, penseli ikipita ndani ya mifereji ileile. Alipomaliza, Madam alikifunga kitabu katika karatasi ya zawadi, akamsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mteja.

Kuanzia siku hiyo kanuni ilibadilika: soma kwanza, ndipo uamue. Vitabu vyenye maandishi ya pembeni vikapata rafu yao, na Madam akawajibu wateja waliouliza kwa nini havijasafishwa kwamba hivyo ndivyo safi. Katika rafu hiyo nilimpata muuguzi aliyemsahihisha rubani, na mke aliyeandika "hukunieleza hili" mara saba katika kitabu cha mumewe.

Mugisha alipiga simu baada ya wiki mbili. Alikuwa amefika kwa mama, amemsomea majina yote manne, halafu chai, halafu nakuja. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani, akaomba asomewe tena.

"Akaniuliza swali moja tu, dada," alisema Mugisha. "Akasema, basi hiyo chai aliinywa nani?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ukweli. Kikombe kilikaa juu ya ukuta hadi jioni, mama. Hakuna aliyekigusa."

Nimestaafu mwezi uliopita. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii kwa sababu nimeipenda, na kwa sababu walionifunza hawakuandika popote. Miaka ya ghalani nilimaliza raba moja kila mwezi. Siku ya mwisho nilirudisha kaunta raba ile niliyokuwa nayo tangu asubuhi ya Mugisha. Kona zake zilikuwa bado kali.

Madam alikuwa amenichemshia chai ya maziwa yenye iliki, akalalamika kwamba sasa atagombana na wanajeshi peke yake. Tulipomaliza nilichukua mkoba. Alinifuata hadi mlangoni, akaushika usijifunge.

"Ndo wenda, Nduku?"

Nilitaka kusema mengi, shukrani za miaka yote ile. Ulinitoka mkoba mkononi, nikauokota, nikamtazama.

"Nakuja, Madam."

Akatikisa kichwa, akacheka. Nilipogeuka nikiwa ng'ambo ya barabara, bado alikuwa ameushikilia mlango.