Ngazi za Mama Genowefa

Mume wangu Radek ni mchora ramani za nyumba, na akishikwa na jambo haambiliki. Alitujengea nyumba kwa mtindo wa majumba ya mabwana wa zamani wa hapa Poland: paa la mikunjo miwili, baraza mbele lenye ngazi, nguzo nne nyeupe. Ila ndani ni ya kisasa, sakafu inapashwa joto na ukuta wa bustanini ni kioo kitupu. Mlango ni mmoja tu, wa barazani. Milango mingi huingiza baridi, alisema.

Chumba kizuri kuliko vyote kilikuwa cha mama yake. Mama Genowefa amekamua ng'ombe miaka arobaini, amezika mume, na kibanda chake kilivuja mpaka kitandani. Daktari alishasema kifua chake hakitavumilia baridi nyingine mle. Asingehamia kwetu, tungemzika.

Jumamosi moja ya Oktoba tulimngoja barazani na mkate na chumvi, kama ilivyo ada ya hapa ya kumkaribisha mtu. Akashuka garini, akazitazama nguzo, akakata kona. Akaizunguka nyumba mara mbili.

"Mlango wa jikoni uko wapi?"

"Hakuna, Mama. Pita hapa," Radek akamjibu.

"Basi nirudishe kwangu."

Nilikasirika, sifichi. Nimeoka tangu alfajiri, halafu mtu aje kuninunia? "Mama, mbona unatutesa?" nikamuuliza.

Hata hakunitazama. Alimwambia mwanawe polepole, "Mama yangu alisugua ngazi kama hizi miaka kumi na mmoja, nyumbani kwa bwana mwenye mashamba. Mimi nilimbebea ndoo, na sote tuliingilia mlango wa jikoni. Hakuzipanda hata siku moja ila kwa magoti. Umenijengea nyumba yao, mwanangu."

Radek hakuwahi kuambiwa. Nami hasira zikaniisha palepale.

Radek akanipa mkate, akaenda kuleta ndoo na tambara. Akapiga magoti na suti yake mpya, akaanza kusugua kuanzia ngazi ya juu.

"Hapo pembeni umeruka," mama yake akasema.

"Wapi?"

"Hapo. Bibi yako asingeruka."

Akarudia. Alipomaliza ya chini kabisa, Mama alimshika bega, akapanda na viatu vyake vya matope, ngazi moja moja, bila kuvifuta. Radek akanyoosha mkono kuchukua tambara ayafute matope.

"Yaache," Mama akasema, akaingia ndani.