Kimya cha Ukurasa wa Pili

Hakuna kilichomuuma Mzee Wino kama kusikia mpwa wake akisifiwa kwa mambo mawili kwa mpigo. Moja angelivumilia. Angekuwa mtafiti wa ubongo tu, mjomba angejigamba kwa majirani. Angekuwa mtunzi wa muziki tu, akakonda na kuhangaika kama watunzi wa zamani, mjomba angemtengenezea chai na kumpa pole. Lakini vyote viwili! Tena bila kutoka jasho, au ndivyo ilivyoonekana kwa mtu aliyemtazama kwa kijicho.

Yeye mwenyewe alikuwa mnakili wa nota. Kwa miaka arobaini, kila utunzi ulipofika, alikaa mezani na kalamu ya nibu, rula na chupa ya wino, akamwandikia kila mpigaji karatasi zake. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa vitabu vilivyotupwa na shule, kimoja hakina jalada, kingine kimeliwa na panya mpaka sura ya tatu. Wakati huo mpigaji aliijua karatasi ya Mzee Wino hata kabla ya kuisoma. Siku hizi mtu anabonyeza, mashine inatapika karatasi, nota zote zimelingana kama meno ya bandia. Mzee akaachiwa ufunguo wa kabati na kazi ya kupanga karatasi kwenye vinara vya kusomea nota.

Mpwa alianzia kwenye meza hiyohiyo, akiwa na miaka tisa. Mjomba alimfundisha kusoma nota na kuzipanga sauti. Kunakili hakumfundisha. Alimwambia mikono yake ina jasho, itachafua karatasi. Ukweli ni kwamba mwezi wa pili tu yule mtoto alikuwa akisikia kichwani kile ambacho mjomba wake alilazimika kukitafuta kwenye kinanda. Kitu kimoja basi kibaki changu, mzee alijisemea.

Mtoto akasoma, akasoma, akaishia kwenye chumba cha chini hospitalini. Huko aliwavalisha watu kofia ya nyaya, akawapaka jeli kichwani, akawapigia midundo na kutazama mistari ikipanda na kushuka kwenye kioo. Wengi walikuwa wamepigwa na kiharusi: mtu hawezi kuomba maji, lakini ukimwanzishia wimbo anaumaliza. Saa kumi alinawa jeli, akaenda nyumbani kutunga. Makala yake ya utafiti yalikuwa yamekataliwa mara mbili. Mzee aliijua habari hiyo, na kila alipoikumbuka ilimwingia kama asali.

Mwaka huo kikundi cha wapigaji wanne wa ala za nyuzi, fidla mbili, viola na selo, kilikuwa na nafasi moja ya utunzi mpya. Kiongozi, yule mpiga selo, alishamwahidi mzee kwamba nafasi ni yake. Halafu akausikia wa mpwa.

"Mzee wangu, usikasirike," alisema. "Wako ni mzuri. Ila..."

"Ila nini? Sema, sina kiharusi."

"Jumamosi tunaujaribu wa Daktari, mpwa wako. Ukitushinda, tunapiga wako. Neno langu hilo."

Alhamisi mpwa akaleta karatasi, zimetoka kwenye mashine zikiwa bado na joto.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Vichwa vyako umemwachia nani?"

"Vimevaa kofia, haviendi popote. Nitazamie kama kuna kosa. Nalijua jicho lako."

Mzee akafunua, na palepale akaliona. Chini ya ukurasa wa pili, mashine ilikuwa imeukata muziki katikati ya mbio, nota zikimiminika, na imeukata mahali pamoja kwa wote wanne. Mnakili yeyote wa zamani alijua: ukurasa unaumalizia pale mkono unapopumzika, na wapigaji wanne huwaachi kamwe wageuze kwa pamoja. Kila mmoja ana kinara chake na mikono miwili tu. Nani angegeuza?

"Nota zako hazina kosa," alisema. Na hakusema uongo.

"Naogopa, Mjomba."

"Ogopa tu. Woga unaleta adabu."

Jumamosi alikaa nyuma ya ukumbi, mikono kati ya magoti. Ukurasa wa kwanza ulipita vizuri, vizuri mno. Wa pili ukakimbia, ukapanda, na mara pinde nne zikaacha nyuzi, mikono minne ikarukia karatasi. Ukumbi ukawa kimya. Kisha kila mmoja akaingia kwa wakati wake, vurugu tupu.

"Mashine yako ina wazimu, Daktari!" mpiga fidla wa kwanza alifoka. "Ipime hiyo kichwa!"

Wakacheka. Mzee alisubiri aibu impande mpwa usoni. Badala yake mpwa akainua mkono.

"Rudieni. Geuzeni pamoja vilevile, kisha ingieni pamoja."

"Tumeanguka, wewe unasema turudie?"

"Kule kazini nikiuondoa mdundo mmoja, ubongo unashtuka kana kwamba umepigwa. Hapo kila msikilizaji ataipiga nota iliyokosekana kichwani mwake. Jaribuni."

Wakarudia. Vinyweleo vikamsimama mzee mikononi. Hakuna sikio mle ndani lililojua kuliko lake jinsi kile kimya kilivyokuwa kizuri.

"Mjomba, niandikie alama ya kimya. Kwenye karatasi zote nne, kwa mkono wako."

Akatoa kalamu. Akaziandika zote nne, safi, na usafi huo ulimkera. Mpwa akainama karibu, akashusha sauti.

"Uliliona Alhamisi."

"Niliona."

"Ulitaka nianguke."

"Nilitaka wangu upigwe."

Mpwa akautazama wino. "Ungeniambia, ningekwenda mwenyewe kwa kiongozi, nikampisha mjomba wangu."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Mpwa akazichukua karatasi, wino haujakauka, akaenda nazo mbele bila kugeuka.

Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri. Watu walijaa mpaka mlangoni. Mbio zikaja, zikapanda, zikakatika. Bwana aliyekuwa akijipepea akasahau mkono wake hewani. Mama mmoja mnene, kiti cha jirani na mzee, akaubana mkoba kifuani, na nyuzi ziliporudi akashusha pumzi: "Jamani!"

Mzee akamwinamia. "Kile kimya ni changu."

"Nini?"

"Kile kimya. Nimekifanya mimi."

"Umekifanya wewe, halafu huwezi kukaa nacho? Nyamaza, mzee, watu wanasikiliza."

Mzee akaegemea kiti. Akaendelea kusikiliza, kwa sababu sehemu iliyofuata ilikuwa nzuri zaidi, na hiyo hakuwa ameitia mkono hata kidogo.