Risasi za Pimbi wa Protas

Sitaki kudanganya: Chacha simpendi. Nimefanya naye kazi miaka sita katika ghala langu la mizigo hapa Guangzhou, hatua chache kutoka soko la Zhanxi, na katika miaka yote hiyo sijamwona akimsalimia mtu kabla hajasalimiwa yeye. Namweka kwa sababu moja tu. Mpe kontena la futi arobaini, marobota ya viatu, nguo za soko la Shisanhang, vitasa, masinki ya bafuni na friji mbili za mtu asiyejua kupima, naye atavipanga vyote mpaka mlango ufungwe bila kusukumwa. Wateja huniambia, "Agripina, huyo mtu wako ana mdomo mchafu, lakini ana mikono." Mdomo wake naumudu. Kinachonishinda ni kisirani.

Kabla ya China alikuwa askari wa wanyamapori huko Mara, miaka kumi na moja. Aliacha kazi baada ya ugomvi na mkubwa wake. Na nani hajagombana naye? Akachukua kiinua mgongo chote, akaja huku, akanunua maturubai kwa kuangalia picha. Yalipofika nyumbani yalikuwa membamba kama karatasi ya kufungia maandazi, hakuna aliyeyataka. Aibu ya kurudi ikamshika, akaja kwangu kuomba kibarua cha wiki mbili. Kibali chake cha kukaa nchini kilishakwisha zamani. Akitoka leo, harudi tena. Kwa hiyo hatoki. Mke wake, Sesilia, yuko Tarime na mama mkwe wake, na mtoto wao Abeli anasoma bweni.

Sasa, Chacha akiwa huku, kaka yake aliuza shamba la baba yao. Aliyelinunua ni Protas, mfanyabiashara wa viatu kutoka Musoma, mteja wangu wa siku nyingi. Alinunua kihalali, mbele ya serikali ya kijiji, na mama yao Chacha akaweka dole gumba. Chacha hakutaka kusikia habari ya dole gumba. Kaka mtu yuko mbali, hapigiki. Protas ndiye anayeingia ghalani kwangu mara tatu kwa mwaka na begi lake la mkononi, kwa hiyo chuki yote akabebeshwa yeye. Miaka minne Chacha amepakia mizigo ya Protas bila kumwambia neno. Akiulizwa anajibu kupitia kwangu, kama vile mimi ni mkalimani: "Mwambie marobota yake ni thelathini na mawili." Yule amesimama pale pale!

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Kontena lilikuwa mlangoni, dereva wa kulipeleka bandari ya Nansha ameshapiga honi mara mbili, nami nimeshamwambia mara mbili asubiri. Mama Scholastique, Mkongo wa Lubumbashi, alikuwa amekaa juu ya robota lake la vitenge akijipepea na kipande cha boksi. Protas akaingia akiwa na simu mkononi, imewashwa spika.

Hapa kwetu simu haina siri. Mtu anasimama juu ya mzigo wake, anaongea na nyumbani kwa sauti ya mnada, na ghala zima linajua mke wa nani anataka pazia la rangi gani. Kwa hiyo wote tulisikia. Upande wa pili alikuwa Kassian, mdogo wake Protas, aliyekuwa amesimama kwenye duka la silaha huko Mwanza.

"Bro, huyu muuzaji ana aina mbili," Kassian alisema. "Sijui nichukue ipi. Na kuna foleni nyuma yangu."

Protas akanigeukia mimi, ila maneno yalikuwa ya mwingine. "Dada Agripina, nina shida. Pimbi wameniingilia shambani. Wanashuka kwenye mawe asubuhi na jioni, wanakula maharage mpaka yanabaki miti. Tumeweka mbwa, tumeweka moshi, wapi. Wilaya wametupa kibali cha kuwapiga, na Kassian ana bunduki yenye leseni. Lakini risasi hatuzijui. Anayezijua yumo humu ndani."

Chacha alikuwa anavuta utepe wa kufungia boksi. Aliuvuta hivyo hivyo, kraa, akaukata kwa meno.

"Bwana Chacha," Protas akasema, safari hii kwake. "Najua hunitaki. Sijaja kutafuta urafiki. Nakuuliza kama mtu mwenye ujuzi wake. Zipo zenye kichwa kilichofunikwa shaba chote, kigumu. Na zipo za kichwa laini chenye tundu kwenye ncha. Ipi ya pimbi?"

"Mwambie akawaulize waliomuuzia shamba," Chacha akaniambia.

"Mimi si mjumbe wako," nikamjibu. Nilishachoka. "Una mdomo, jibu. Au kataa, tupakie mzigo."

"Papa Chacha, uko na roho mubaya," Scholastique akasema. "Mutu anakuuliza vizuri. Mais vraiment, kweli kabisa!"

Chacha akaweka utepe chini. Akajifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kisha kwa mara ya kwanza katika miaka minne akamtazama Protas usoni. Hata sauti ilibadilika, ikawa ya kikazi. Akauliza bunduki ni ya aina gani, akajibiwa. Akauliza wanasimama wapi kupiga. Protas akasema barabarani, juu, kama hatua mia na hamsini, kwa sababu ukisogea zaidi pimbi wanapiga kelele na kuingia mashimoni. Akauliza mnyama anakuwa wapi. Juu ya mawe, anaota jua.

"Chukua ngumu," Chacha akasema. "Ile ya shaba yote. Laini zitapasuka ovyo, utapoteza risasi bure. Ngumu inakwenda moja kwa moja."

Protas akaonekana amepata nafuu mpaka nikamwonea huruma. "Umesikia, Kassian? Ngumu."

"Nimesikia. Mshukuru sana."

Nami nikafurahi, mjinga mimi. Nikadhani leo chuki imepungua walau kwa kijiko. Nikamwona Chacha anarudi kwenye maboksi yake, na pembeni ya mdomo ana kitu ambacho kwa mtu mwingine ningekiita tabasamu.

Kila askari wa porini anajua jambo ambalo Chacha alilificha, na baadaye alilisema mwenyewe mbele yetu sote. Risasi laini ikigonga jiwe inavunjika vipande vidogo, inaishia hapo. Ile ngumu ikigonga jiwe haivunjiki. Inateleza, inabadili njia, na inaendelea kuruka na nguvu ya kuua, huku mpigaji hajui imekwenda wapi. Kumpiga pimbi aliyekaa juu ya jabali kwa risasi ngumu ni kuirusha risasi kwa upofu. Chacha alikuwa ameipiga hesabu. Ng'ambo ya yale mawe, kwa jinsi anavyoikumbuka ardhi ya baba yake, kuna mteremko mtupu mpaka kijitoni, na pembeni ya mteremko Protas amejenga tangi jipya la maji na banda la bati. Aliliona tangi lile kwenye picha Protas aliponionyesha mwaka jana. Alitaka litobolewe.

Kassian akarudi hewani baada ya kama dakika tano. "Nimeshalipia. Wameandika na kwenye kitabu cha leseni. Bro, mwambie Chacha ametusaidia sana, maana mama Abeli alikuwa ananisumbua. Kila siku, hakikisheni, hakikisheni. Yeye ndiye analima kule ng'ambo ya mawe, kwenye kile kipande cha kijitoni. Nikamwambia usiogope, tutamuuliza mumeo mwenyewe."

Boksi la vitasa lilikuwa begani kwa Chacha. Halikuanguka. Alilishusha chini vizuri kabisa, kama kawaida yake.

"Mama Abeli yupi?" akauliza.

Protas akamshangaa. "Mama Abeli wako. Sesilia. Nimemkodisha kile kipande huu mwaka wa pili. Hukujua?"

Hakujua. Na mimi sikushangaa hata kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoishi. Watu wa nyumbani hawamwambii jambo mtu aliye huku. Wanasema asisumbuliwe, ana mawazo, yuko ugenini. Na huyu ndiye wangemwambia? Mtu ambaye ukitaja jina la Protas anakata simu? Sesilia alihitaji ardhi ya kulima na ardhi iliyokuwapo ilikuwa ya Protas. Akaenda akaomba, akapewa, akanyamaza.

"Mwambie azirudishe," Chacha akasema. "Achukue laini."

"Umesema ngumu."

"Nasema laini sasa. Mwambie!"

Protas akaiweka simu kifuani, akaiziba kwa kiganja. Sijawahi kumwona mtu mpole akibadilika uso upesi hivyo. "Kwa nini?"

Chacha akanitazama mimi. Nilijua anataka niingilie, niseme kontena linachelewa, niseme lolote. Nikampa kisogo.

"Nilikuongopea," akasema.

"Sema watu wasikie."

"Nilikuongopea! Ngumu inaruka kwenye jiwe. Inakwenda popote. Nilitaka ilipige tangi lako."

Hapo ndipo alipoeleza yote, kwa vipande vipande, la laini na la ngumu na la mteremko. Scholastique akaacha kujipepea. Protas akamsogelea mpaka vitambi vyao vikakaribia kugusana, nami nikatafuta kitu cha kuwatenganisha nacho, nikapata ufagio tu.

"Tangi," Protas akasema. "Na mchungaji wangu anayelala bandani? Na wanawake wanaochota maji pale? Hao hukuwaona kwenye picha? Mimi nilinunua udongo, Chacha. Nilimlipa kaka yako, mama yako akanisainia. Miaka minne umenitemea mate nimenyamaza. Leo nakuja kukuuliza, tena kwa ajili ya mkeo, unanipa kifo nikapeleke nyumbani!"

Nilingoja Chacha aombe radhi. Hakuomba, na mpaka leo sijamsamehe kwa hilo. Alisimama ameuma meno kama aliyekosewa ni yeye.

Protas akamsukumia simu. "Mwambie Kassian mwenyewe."

Akamwambia. Tukamsikia Kassian akimbembeleza muuzaji, na muuzaji akijibu kwa mbali. Duka halipokei zilizouzwa. Risasi zikishatoka na kuandikwa kwenye kitabu hazirudi kabatini, na idadi aliyoruhusiwa kwa leseni yake ilikuwa imejaa. Nyingine mpaka mwaka mpya, akiomba upya.

"Basi bunduki ifungiwe," Protas akasema. "Asipige mtu hata moja. Mwaka huu pimbi na wale tu maharage."

Akachukua simu yake, akaenda kusimama nje karibu na dereva. Hakutaka tena hata kuhesabiwa mzigo.

Nikamwambia Chacha apige nyumbani. Akasema atapiga jioni. Nikamwambia apige sasa, au avue glovu zangu. Akapiga, na kwa mazoea ya ghala akaweka spika, au hakuwa na akili ya kuizima. Sesilia akapokea akihema. Alikuwa shambani.

"Baba Abeli? Mbona saa hizi? Unaumwa?"

"Unalima kwa Protas," Chacha akasema.

Upepo ulisikika kwenye simu, na kelele ya ndege. "Nalima," akajibu. "Ulitaka nilime wapi? Barabarani?"

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini? Ungenuna. Ndiyo kazi unayoijua. Sikia, Kassian amekuuliza risasi? Maana hawa wanyama wamebakiza matuta manne tu. Yale manne ndiyo ada ya Abeli ya Januari. Aje apige kesho asubuhi, mwambie, mimi sitakuwepo, nitakaa nyumbani mpaka amalize."

Chacha alivua glovu moja, akaivaa tena. Nilimchukia, halafu nikamwonea huruma, halafu nikamchukia tena kwa kunifanya nimwonee huruma.

"Kassian hapigi," akasema mwishowe. "Risasi alizonunua si nzuri. Na nyingine hazipatikani mwaka huu."

"Si nzuri vipi? Si wamekuuliza wewe?"

"Wameniuliza."

"Wewe si askari? Miaka kumi na moja porini. Nilimwambia kila mtu hapa, mume wangu anajua, muulizeni mume wangu. Ukawaambia wachukue zipi?"

Nje dereva akapiga honi, mara ya tatu. Sikwenda kumjibu.

"Nilichagua mbaya," Chacha akasema. "Kwa makusudi. Nilidhani ni shamba la Protas peke yake."

Sesilia sijawahi kumwona, lakini nilijua anachotazama wakati ule: matuta manne, na mawe yaliyo juu yake.

"Haya," akasema. "Wanashuka saa kumi na mbili asubuhi, na tena saa kumi jioni. Wako kama arobaini. Njoo uwafukuze wewe."

Akakata simu. Chacha alibaki ameshika simu iliyozima, akitazama kontena lililofunguka mbele yake, lenye nafasi ya marobota thelathini na mawili ya Protas, litakalofika kwao baada ya siku arobaini na tano bila yeye.