Viti Vyote Vina Watu

Mama Maji alikuwa mwosha nywele. Si msusi, si fundi wa dawa wala wa kunyoosha, mwosha nywele tu, na ukikosea ukamwita msusi alikurekebisha kabla hujamaliza neno. Saluni ilikuwa ya dada yake. Walianza pamoja, enzi ambazo saluni yenyewe ilikuwa beseni, birika na kigoda nyuma ya nyumba, na dada akasema, "Wewe osha, mimi nitasuka." Huo ndio ulikuwa mkataba wao wote. Baadaye likaja duka lenye mlango wa kioo, vikaja viti vya kuzunguka, wakaja wapangaji waliokodi viti hivyo, kila mmoja na wateja wake. Lakini kila kichwa kilichoingia kilipita kwanza kwenye sinki la nyuma, mikononi mwa Mama Maji. Wapangaji walimpa chake kwa kila kichwa, akaishi hivyo, na watoto wake wakasoma hivyo.

Alikuwa na maneno, usiombe. Mteja akishalaza shingo pale sinkini hana pa kukimbilia, na Mama Maji alilijua hilo vizuri. Aliwauliza habari za waume zao, wasiokuwa na waume akawatafutia wachumba, akawagombeza wanaojikuna kichwa kwa kitana utadhani wanalima. Walikuwepo waliokuja kuosha nywele ilhali nywele ni safi, mradi waulizwe habari.

Kisha dada akafa, na Mama Maji akafa ganzi. Hakulia msibani, hakulia makaburini, hakulia siku aliporudi kuwasha hita ya saluni na kukuta kikombe cha dada juu ya kabati, bado kina majani ya chai yaliyokauka. Watu hawakosi la kusema, wakasema. Huyu alisema ana moyo mgumu, yule akasema labda walikuwa hawaelewani. Upuuzi mtupu. Aliosha vichwa kama kawaida, ila alikuwa kimya kama maji mtungini, na mikono yake haikujua tena maji ya moto wala ya baridi. Siku moja mteja aliruka kutoka sinkini na povu lake, akalalamika kwamba anaunguzwa. Mama Maji alikuwa ameitia mikono yake humo humo asisikie kitu. Tangu hapo akawa anapima maji kwa kiwiko, kama anayeogesha mtoto mchanga, na kiwiko nacho hakikumwambia mengi.

Saluni ilibaki kwa binti wa marehemu, mtoto wa pekee, mwenye kazi yake ya ofisini. Ni binti mzuri, nisimsingizie. Aliikuta saluni inaendeshwa kwa mdomo. Msusi alidai kwamba soketi ya dirishani aliahidiwa yeye, fundi wa kupaka kucha rangi, mpaka kucha, naye akadai aliahidiwa yeye, na aliyeahidi hawezi tena kuitwa kuulizwa. Ikabidi kila mpangaji awe na mkataba wa maandishi. Binti aliomba nakala kwa rafiki yake mwenye saluni mtaa mwingine, saluni ambako kila fundi huosha wateja wake mwenyewe. Akabadilisha jina la saluni na idadi ya viti, akachapisha. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na hakuna aliyeliona likiingia.

Aliwakusanya Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, akawasomea kwa sauti. Kila mpangaji ana kiti kimoja, kioo kimoja na soketi moja. Asimpangishe mwingine kiti chake bila idhini. Akitaka kuhama atoe taarifa mapema. Msusi, mwanamke ambaye mwili na mdomo wake vinalingana, alipinga kila kipengele kisha akakikubali kila kipengele. Mpaka kucha alitaka kujua kama meza yake inahesabiwa kuwa kiti, na wakabishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa. Halafu kikasomwa kiti cha mbele, kiti cha marehemu, ambacho aproni yake ilikuwa bado imetundikwa mgongoni. Kimepata mpangaji mpya, dada mmoja mpole aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Binti aliikunja aproni, akaitia kwenye mkoba wake, akaendelea kusoma haraka haraka.

Ndipo kikafuata kipengele cha sinki. Sinki, hita na choo ni vya wapangaji wote kwa pamoja, na kila mpangaji ataosha wateja wake mwenyewe. Hakuna aliyepinga. Msusi alikuwa bado anawaza soketi yake. Mama Maji alikuwa amesimama nyuma, anakunja taulo ambalo lilikuwa limekwisha kunjwa. Alisikia. Na alielewa pia, tusimfanye mjinga; alielewa pale pale kwamba kazi yake imekwisha. Alingoja moyo umshtuke, haukushtuka. Akalikunjua taulo, akalikunja upya.

Mkataba unataka shahidi. Binti aligeuka akasema, "Mama mdogo, njoo uwe shahidi. Wewe ndiye mkubwa wetu hapa." Mama Maji akafuta mikono, akaja, akatia sahihi mkataba mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko wake mzuri wa shule, bila kukosea tarehe. Binti akamshukuru, akamsindikiza hadi nyumbani kwake, njiani akimweleza jinsi alivyofarijika kwamba mambo sasa yatanyooka. Mama Maji aliitikia ndiyo, ndiyo mwanangu.

Kesho yake alifika wa kwanza. Hakuja kwa ubishi, alikuja kwa sababu miguu ilijua njia. Akawasha hita, akapanga mataulo. Mteja wa kwanza wa msusi alikwenda nyuma moja kwa moja kwa mazoea, akiwa ameshaanza kufungua kitambaa, na msusi akamfuata mbio. Alipozungumza alitazama sakafu.

"Leo naosha mwenyewe, Mama Maji. Karatasi ndivyo ilivyosema."

Mama Maji akampisha, akamkabidhi taulo. Msusi alikuwa hajaosha kichwa cha mtu miaka nenda rudi. Alimlowesha mteja mgongo, akajilowesha tumbo, sakafu nayo ikapata yake.

Kusimama bila kazi kunachosha kuliko kazi. Mama Maji alitafuta pa kukaa, na hapo ndipo alipogundua kwamba humo ndani hajawahi kuwa na kiti. Mwosha nywele husimama, na wakati wa chai yeye na dada walikuwa wakipokezana kile cha mbele. Basi akaenda akakikalia hicho. Mpangaji mpya akaja na mteja, akasita, akasema kwa adabu zote kwamba samahani mama, nina mtu. Mama Maji akainuka akiomba radhi na yeye. Akarudi nyuma, akaipindua ndoo, akakaa juu yake pembeni mwa sinki.

Binti alipita mchana akitoka ofisini. Alikuta foleni ya sinki imefika mlangoni, sakafu inateleza, mpaka kucha anatukana hita, na mama yake mdogo yuko chini kabisa, magoti karibu na kidevu.

"Mama mdogo, mbona umekaa kwenye ndoo?"

"Viti vyote vina watu, mwanangu."

Hakusema kwa kinyongo, na hilo ndilo lililomkata binti maini. Afadhali angemsuta. Binti alitazama sinki, akamtazama msusi na mikono yake yenye povu, akakumbuka alichokisoma kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu wote.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Uliniita niwe shahidi," Mama Maji akamjibu. "Shahidi anatia sahihi."

Binti hakuomba msamaha papo hapo. Alikwenda kabatini akatoa mikataba yote, akakaa sakafuni mbele ya ndoo na sketi yake ya ofisini, akapiga mstari juu ya kipengele cha sinki, kwenye kila karatasi. Wapangaji wakaja kutia sahihi pembeni mwa mstari. Msusi alikuwa wa kwanza, akalowesha karatasi, akasema ameosha vichwa viwili tu na kiuno kimekatika, na kama kuna anayetaka kurudisha kipengele hicho aje amwoshee yeye. Watu wakacheka. Mama Maji hakucheka. Binti alichukua karatasi safi, akamwambia mama mdogo ataje mwenyewe anachotaka kiandikwe, akitaka sinki lote liwe lake litakuwa lake.

Mama Maji alifikiri kidogo. "Niandikie kiti."

"Kiti tu?"

"Kiti tu. Hayo mengine nilishaelewana na mama yako."

Binti akaandika kiti, kisha kalamu ikasimama. Aliinamisha kichwa juu ya karatasi, na kitambaa alichojifunga kikateleza nyuma. Nywele zilikuwa zimeshikana. Hazikuwa zimeguswa tangu msiba, na huyu ni binti wa mwenye saluni. Mama Maji alizitazama, akainuka kutoka kwenye ndoo, akamwambia aache kuandika. Akamlaza sinkini, akamwekea taulo shingoni, akafungua bomba, akasahau kupima kwa kiwiko.

Vidole vilianzia shingoni, vikapanda. Nyuma ya sikio la kushoto vikakuta kibonde kidogo kwenye mfupa, kile kile alichokuwa akikikuta kwa dada yake kila Jumamosi jioni, wateja wote wakishaondoka, alipokuwa akimwosha yeye wa mwisho. Hakuwa amejua kwamba mtoto amekirithi. Vidole vikabaki hapo hapo.

"Maji ya moto, mama mdogo," binti akasema, macho ameyafumba.

"Najua, mwanangu," Mama Maji akasema. "Yananiunguza."

Akalia, kwa sauti, mbele ya wateja na wapangaji wote, huku mkono mmoja ukiwa bado umekishika kile kichwa na wa pili ukipapasa kutafuta bomba la maji ya baridi.